Kikombe na Kipimo

Watu wa pwani ni watu wa vipimo. Katika bandari ya Mikindani, zamani za majahazi, pembe za ndovu na mpira wa mwituni vilipimwa kwa frasila, nafaka kwa kibaba na pishi, nguo kwa dhiraa na wari. Mtu hakuuza wala kununua pasipo kipimo, na aliyepunja alihesabiwa kuwa mwizi. Hata mambo yasiyoshikika mkononi yalipewa kiasi chake: mahari ilitajwa kwa hesabu, eda ilikuwa na siku zake, na mirathi iligawanywa kwa thuluthi, robo na thumuni. Walakini katikati ya vipimo vyote hivi kilikuwapo kitu kimoja kilichopita mwezi baada ya mwezi, katika kila nyumba, bila ya kibaba wala pishi. Kitu hicho ni damu ya hedhi.

Siku zake zilihesabiwa, na kwa uangalifu mkubwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi katika pwani yetu, wamesema kwamba uchache wa hedhi ni mchana na usiku mmoja, wingi wake ni siku 15, na aghalabu yake ni siku 6 au 7. Damu inayoupita mpaka huo ina jina lake, istihadha, na hukumu zake mbali. Hiki ni kipimo cha muda. Ama kipimo cha ujazo, yaani mwanamke ametokwa na damu kiasi gani, hakikuwa mikononi mwa mwenye damu wala mwa aliyemfundisha. Akiulizwa hujibu "nyingi" au "kidogo", na maneno hayo mawili hayana uzito, kwani kila mwanamke hana wingi wa kulinganisha nao ila wa kwake mwenyewe.

Katika insha hii nataka kueleza jinsi kipimo hicho kilivyonifikia mimi, mwanamke niliyevuka miaka 40, mwalimu wa lugha, nikiwa Mikindani, kwa njia ya kikombe kidogo kinachoenea kiganjani. Habari za namna hii si desturi kuandikwa katika kurasa za wasomi. Siziandiki kwa kutaka kuvunja haya. Haya ni vazi, nami sina nia ya kumvua mtu vazi lake. Naziandika kwa sababu haya na ujinga ni vitu viwili mbalimbali, ijapokuwa mara nyingi hulala nyumba moja, na mwenye kuulinda mlango wa mmoja huweza kumlinda na wa pili pasipo kukusudia.

Kiswahili hakina umaskini wa maneno katika jambo hili. Hedhi ni neno la Kiarabu lililopata uraia katika lugha yetu zamani sana, na ndilo la kitabuni na la hospitali. Mwanamke husema yumo mwezini, au yumo katika siku zake. Wanawake wa pwani husema "sisali", na msikiaji huelewa papo hapo. Msichana aionapo damu ya kwanza husemwa amevunja ungo, naye huitwa mwari. Kitambaa cha kuzuilia damu kina jina lake la heshima, sodo. Nimeyatazama maneno haya mara nyingi kwa jicho la kazi yangu, nikaona kwamba kila moja linaeleza kitu. Mwezi na siku yanaeleza wakati. "Sisali" linaeleza hukumu. Ungo unaeleza cheo kipya cha msichana. Sodo linaeleza kifaa. Halimo hata moja linaloeleza kiasi.

Nilikwenda Mikindani wakati wa likizo ya chuo kukusanya maneno ya wanawake: majina ya misuko ya nywele, ya mapishi, ya uzazi na ya malezi ya mwari. Nilifikia kwa mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, ambaye katika ujana wake alikuwa kungwi wa kutegemewa. Nyumba yake imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kama nyumba nyingi za kale za mji ule, na kutoka uani kwake huonekana kipande cha ghuba, mviringo kama sinia. Ni ghuba ile ile ambayo David Livingstone aliitumia mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya kwenda bara. Wageni hupelekwa kuitazama nyumba inayotajwa kwa jina la Livingstone, na boma la Wajerumani lililo juu ya mji. Mimi nilikaa uani na daftari langu.

Mama mkubwa alinieleza mengi, na mengine alikataa kunieleza. Alisema yapo maneno ya kuandikwa na yapo maneno ya kuambiwa, na ya pili hayapandi katika karatasi. Nimeiheshimu amri hiyo, na msomaji hatayapata hapa mafunzo ya unyago. Lakini habari za sodo alizieleza bila kizuizi. Alisema sodo njema ilitoka katika kaniki kuukuu, kwanza kwa sababu kaniki iliyochakaa ni laini, pili kwa sababu weusi wake haudhihirishi doa. Mwari alifundishwa kuifua faraghani, kuianika mahali pasipoonwa na mtu, na kuizika ikichakaa.

"Nguo nyeupe ina umbea, mwanangu," alisema. "Kaniki haina umbea."

Niliyaandika maneno hayo kwa kuwa yalikuwa mazuri. Sikujua wakati ule kwamba yangenirudia kwa maana nyingine. Kitambaa kisichosema habari kwa jirani hakisemi habari kwa mwenyewe pia.

Sasa nije kwenye kikombe. Nilikuwa nimekinunua katika duka la dawa mjini Dar es Salaam kwa sababu nyepesi, nayo ni safari. Mwendo wa basi kutoka Dar es Salaam hadi Mikindani ni wa kilomita zaidi ya 500. Tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003 abiria hangoji tena kivuko, lakini bado ni safari ya kutwa nzima, na vituo vya kujisitiri ni vichache na vya haraka. Mwanamke mwenye damu nyingi huujua mwendo huo kwa namna ambayo mwanamume aliyeketi kando yake hawezi kuikisia. Hukaa juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, huchagua gauni la rangi ya giza, na huhesabu vituo kama mfungwa anavyohesabu siku. Kwa miaka kadhaa siku zangu zilikuwa zikizidi uzito. Wakubwa zangu na wenzangu kazini waliniambia kuwa ni umri, na kwamba damu hufanya kelele kabla ya kuaga. Nilipokuwa nikienda siku zangu zilikuwa bado, basi kikombe kilikaa mkobani. Nilikinunua kwa ajili ya safari ya kurudi.

Kifaa hiki si kigeni duniani kama kinavyodhaniwa. Leona Chalmers, mwigizaji wa Marekani, alipewa hataza ya kikombe cha hedhi mwaka 1937, na kikombe chake kilikuwa cha mpira. Vita Kuu ya Pili ilipofika na Japani kuitwaa Malaya mwaka 1942, mpira ukawa adimu, na biashara ile changa ikakwama. Ilifufuliwa baada ya vita, ikafifia tena, hata ikashika nguvu mwishoni mwa karne iliyopita, na hasa baada ya mwaka 2000 vilipoanza kutengenezwa vikombe vya silikoni, ambayo haiudhi mwili na huvumilia maji yanayochemka. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka kwamba katika karne ya 19 Mikindani ilikuwa miongoni mwa bandari zilizosafirisha mpira wa mwituni, uliogemwa katika mitambaazi ya misitu ya kusini. Mpira ulipimwa kwa frasila ukaenda zake ng'ambo. Kikombe hakikuja na majahazi ya kurudi.

Umbo lake ni la kengele ndogo iliyopinduliwa. Mdomo wake ni mviringo na mgumu kidogo, chini yake mna vitundu vidogo vya kupitisha hewa, na kitakoni kina kikia cha kushikia. Changu kilikuwa na mistari ya mililita, na cha kujaa kilichukua mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani. Hukunjwa, hutiwa ndani ya uke, na huko hujikunjua na kuzikaza kuta pande zote. Hakinyonyi damu kama pamba au pedi. Hukinga, kama mtungi unavyokinga maji ya paa. Hukaa saa kadhaa, aghalabu si zaidi ya 12, kisha hutolewa, humwagwa, huoshwa na kurudishwa. Siku zikiisha huchemshwa na kuwekwa katika kifuko cha kitambaa kinachopitisha hewa hadi mwezi mwingine.

Damu yangu iliingia usiku wa tano wa kukaa kwangu Mikindani. Niliteleka kisufuria juu ya jiko la mkaa uani ili nikichemshe kikombe kabla ya kukitumia. Mama mkubwa, ambaye usingizi wake ni mwepesi, akatoka na kurunzi yake.

"Unapika nini, mwanangu, saa hizi?"

"Si chakula, mama mkubwa."

Alifunua mfuniko, akatazama, akamulika tena.

"Kikombe cha nani hiki kisicho na mkono?"

Nilimweleza. Hakucheka wala hakushtuka. Aliuliza maswali kama fundi anayeonyeshwa chombo cha fundi mwingine: kinakunjwaje, kinashikwa na nini, kinatoka vipi. Mwisho akauliza lile swali ambalo baadaye nimeulizwa na wanawake wengi, wasomi na wasio wasomi: "Kikipotea tumboni je?" Nikajibu kwamba njia ile ina mwisho wake, kwa kuwa juu imezibwa na shingo ya kizazi, ambayo tundu lake halipitishi kitu cha ukubwa ule.

"Hilo la mwisho wa njia nimelifundisha mimi kabla wewe hujazaliwa," alisema. "Nilitaka kujua kama na ninyi wa chuo kikuu mnalifundishwa."

Jaribio la kwanza halikufaulu. Karatasi ya maelezo iliandikwa kwa Kiingereza kikavu na picha zake zilikuwa kama ramani ya nchi isiyo na watu. Nilichutama bafuni, nikaosha mikono kwa sabuni, nikakunja kikombe kwa umbo la herufi C, nacho kikaponyoka na kufunguka kabla ya wakati wake. Mara ya pili kiliingia lakini kilikunjuka nusu, na baada ya saa moja damu ikapita pembeni. Mara ya tatu nilikizungusha polepole kwa ncha ya kidole mpaka nikahisi mdomo wake umetanuka wote. Maumivu hayakuwapo. Palikuwa na mkazo, kisha mkazo ukaondoka, na nikatembea uani chini ya nyota nikiwa sina kitu ninachokihisi. Kwa mtu aliyezoea miaka 30 kutembea kwa tahadhari katika siku zile, kutohisi kitu ni tukio kubwa.

Kukitoa kulihitaji subira zaidi. Mwenye pupa hukivuta kwa kikia, nacho hung'ang'ania, kwa kuwa hewa imebanwa. Njia iliyo sawa ni kukibinya kitako chake kwa vidole viwili ili hewa ipenye, ndipo kitoke kikiwa wima. Nilipokitoa alfajiri kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, na nyingine imepita. Nilikiinua kwenye mwanga wa taa nikausoma mstari wake. Mililita 30. Nilikuwa nimelala saa nne tu.

Tabia ya mtafiti ni kuandika. Nilichukua daftari lile lile la maneno ya wanawake, nikafungua ukurasa mpya, nikaanza kuandika saa na kiasi. Siku ya kwanza jumla ilikuwa mililita 50, ya pili 80, ya tatu 55, ya nne 25, ya tano 12, ya sita 6. Nilijumlisha nikapata 228. Namba peke yake haisemi neno mpaka ikutane na nyingine, basi nikaitafutia mwenziwe. Mwaka 1966 Hallberg na wenzake walichapisha utafiti waliofanya katika mji wa Gothenburg, Uswidi, ambamo walipima damu ya hedhi ya wanawake 476 kwa kuichuja kutoka katika vitambaa vyao. Kutokana na kazi hiyo ndipo waganga walipopata mpaka unaotumiwa mpaka leo katika utafiti: mwanamke anayetokwa na damu zaidi ya mililita 80 katika hedhi moja amepita kadiri, na yumo katika hatari ya kupungukiwa na damu. Wengi hutokwa na 30 au 40. Ni kweli kwamba kinachokingwa na kikombe si damu tupu, bali kimechanganyika na majimaji na utando wa kizazi, na damu yenyewe hukadiriwa kuwa kama nusu. Hata hivyo nusu ya 228 ni 114. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Miezi michache tu, na kibaba kingejaa damu yangu.

Nilimsomea mama mkubwa zile hesabu. Mililita hazikumwambia kitu, akaniagiza nimpimie maji kwa kikombe changu kingine cha dawa na kuyamimina katika vikombe vya kahawa. Vilijaa vitatu, na cha nne karibu kijae. Alivitazama muda mrefu.

"Mama yako alikuwa hivi," alisema.

Nilimngoja aendelee. Akasema kwamba mama yangu alikuwa na sodo nyingi kuliko wasichana wote wa rika lake, na kwamba alikuwa mla udongo. Alinunua udongo sokoni kila wiki, akaumung'unya kama peremende, hata nje ya mimba, na watu walimtania kwa uroho huo. Alikuwa mweupe wa viganja. Akipanda kilima cha kwenda shambani aliketi mara tatu. Alifariki dunia katika uzazi wa mwisho, kwa kutokwa na damu, na mama mkubwa alikuwapo. "Haikuwa damu nyingi sana," alisema. "Niliwaona waliotoka zaidi yake wakaamka. Sisi tulisema ni siku yake imefika."

Siwezi kutoa hukumu juu ya kifo cha miaka mingi iliyopita, wala sina cheti cha mganga. Najua tu kanuni iliyo wazi. Kila mililita mbili za damu huondoka na takriban miligramu moja ya madini ya chuma, na mwili uliopungukiwa na chuma hushindwa kutengeneza damu ya kutosha. Hamu ya kula udongo ni moja ya dalili zinazojulikana za upungufu huo. Mwanamke anayeingia katika uzazi akiwa na akiba ndogo huweza kuuawa na damu ambayo mwingine angeimudu. Mama yangu alijua siku zake, alijua twahara yake, alijua namna ya kuifua na kuianika kaniki. Kipimo hakuwa nacho, wala hakikuwapo cha kumpa.

Nilikwenda hospitali na daftari langu. Mganga aliyenipokea alikuwa kijana, na nilipoanza kusema kwamba damu yangu ni nyingi aliandika bila kuinua macho. Nilipomfungulia ukurasa wa hesabu aliweka kalamu chini. Nilipimwa damu, ikaonekana gramu 8.4 kwa desilita, ambapo Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mwanamke asiye na mimba aliye chini ya 12 amepungukiwa na damu. Picha ya mawimbi ya sauti ilionyesha vivimbe vitatu katika kizazi, vya aina ile ambayo si saratani lakini hunyonya nguvu za mtu. Nilipewa vidonge vya chuma, baadaye nikafanyiwa upasuaji, na leo damu yangu ni zaidi ya 12. Kilima cha kwenda boma nakipanda bila kuketi. Siyasemi haya kwa kukisifu kikombe kama dawa, maana hakikuniponya kitu. Kilinipa neno la kumwambia mganga ambalo lugha yangu, pamoja na utajiri wake wote, haikuwa imenipa.

Zipo hoja dhidi ya kikombe, nazo zastahili majibu ya kweli. Wako wanaosema kwamba kutia kitu ndani ni uzushi usio katika mila zetu. Vitabu vya fikihi vya Shafii vilivyosomwa katika madarasa ya pwani kwa vizazi vingi vinamwagiza mwenye istihadha ajioshe, ajizibe kwa pamba na kujifunga kitambaa kabla ya kusali, isipokuwa mchana wa saumu. Basi jambo lenyewe si geni. Kilicho kipya ni chombo. Wako wanaohofia kizinda cha msichana. Ni kweli kwamba kikombe huweza kukitanua au kukichana, na mzazi hana budi kuambiwa hivyo. Lakini ni kweli vilevile kwamba kizinda si shahidi wa mwenendo wa mtu, kwa kuwa hutofautiana tangu kuzaliwa, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kwa kuwa hauna msingi wa kitabibu. Mwenye kitanzi cha uzazi hana budi kumwuliza mganga kwanza, kwani kikombe huweza kukivuta. Na ugonjwa mkali wa sumu ya bakteria, ijapokuwa ni nadra sana, umepata kutokea. Ndiyo maana usafi wa mikono na kikombe si jambo la hiari.

Hoja nzito kuliko zote ni maji. Kikombe kinataka maji safi ya kunawa, moto wa kuchemshia, na mlango unaofungika. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na vyoo vya shule nyingi havina komeo. Kumgawia msichana kikombe pasipo kumpa vitu hivyo ni kumpa ufunguo bila nyumba. Ama kwa upande wa gharama, hesabu iko upande wa kikombe. Mwanamke atumiaye pedi 20 kwa mwezi hutupa 260 kwa hedhi 13 za mwaka, na 2,600 kwa miaka 10, ambayo ndiyo umri ambao baadhi ya vikombe hufikia. Serikali ya Tanzania iliiondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pedi mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019 kwa maelezo kwamba bei haikushuka kwa mnunuzi. Kikombe kimoja huitoka midomo ya wafanyabiashara kwa muda mrefu.

Mwaka 2019 jarida la The Lancet Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 43 zilizohusu wanawake na wasichana 3,319, ikiwa ni pamoja na wasichana wa shule za magharibi ya Kenya. Ilionekana kwamba kikombe huzuia damu sawa na vifaa vingine au zaidi, kwamba kukizoea huchukua miezi kadhaa, na kwamba katika tafiti zilizouliza swali hilo, kama watu 70 katika kila 100 waliokijaribu walitaka kuendelea nacho. Jambo moja katika mapitio hayo lilinigusa kuliko hesabu zote: waliofaulu walisaidiwa sana na wenzao waliokwisha kukizoea. Wataalamu waliligundua jambo hili kwa fedha na safari nyingi. Watu wa Mikindani wangewaambia bure. Wana jina la mtu huyo, nalo ni somo: mwanamke aliyetangulia, anayemshika mkono aliyefuata, akamwambia wazi yale ambayo mama mzazi huona haya kuyasema.

Nimesikia wasomi wakilisema neno kungwi kwa dharau, na kwa upande mwingine nimesikia makungwi wakiwasema wasomi kwa huruma. Kila upande una nusu ya elimu. Kungwi anajua namna ya kumweleza msichana mwili wake bila kumwaibisha, na ana mamlaka ambayo mwalimu wa sayansi hana. Msomi ana mililita, ana gramu, ana mpaka wa 80. Msichana anahitaji vyote viwili kwa wakati mmoja, na kwa Kiswahili kimoja. Haitoshi kumwambia kwamba amekuwa mtu mzima. Aambiwe pia ni kiasi gani cha damu ni cha kawaida na ni kiasi gani ni cha kumpeleka hospitali. Asiyekuwa na kikombe afundishwe kuhesabu kwa alichonacho: kuloweka kitambaa kizima kwa saa moja au mbili, tena na tena, ni kiasi cha kutisha. Hamu ya udongo ni neno la kumwambia mganga, na si la utani.

Jina la kifaa limekwisha kupatikana, nalo ni kikombe cha hedhi. Baadhi ya wenzangu hawalipendi kwa kuwa kikombe ni chombo cha mezani. Mimi naliunga mkono. Katika lugha yetu kikombe ni chombo cha kunywea, na mzee aliyeyapitia mengi husema amekinywea kikombe chake. Ni chombo chenye ujazo unaojulikana, na sifa hiyo ndiyo niliyoikosa katika maneno yote niliyoyakusanya.

Mwaka uliofuata mama mkubwa aliniletea salamu kwa mtoto wa jirani aliyekuja kusoma Dar es Salaam. Hakuomba kanga wala sukari. Aliomba vikombe vitatu vyenye mistari, vya ukubwa mdogo, na karatasi ya maelezo iliyofasiriwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa maana ndizo anazozisoma. Niliifasiri mwenyewe kwa jioni mbili. Ilinibidi kuchagua neno kwa kila kiungo, nami nikayachagua yale aliyonifundisha yeye uani, yale yaliyo ya kuandikwa.